Ini linavyoumia katika homa ya Crimea-Kongo

Mtu akiambiwa kwamba ini limeharibika, kwa kawaida hufikiria maradhi ya miaka mingi, kama vile pombe au homa ya ini iliyolitafuna polepole mpaka likabaki na makovu. Katika homa ya Crimea-Kongo, ambayo ndiyo homa ya kupe ya kutokwa damu iliyoenea zaidi duniani, maneno hayo yana maana nyingine. Hapa ini huumia ndani ya siku chache tu, na kuumia kwake ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mgonjwa atokwe damu.

Ugonjwa huu ulielezwa Crimea mwaka 1944. Virusi vilivyopatikana Kongo mwaka 1956 vilikuja kubainika mwaka 1969 kuwa ndivyo vinavyoleta ugonjwa huo wa Crimea, na majina mawili yakaunganishwa. Vinabebwa hasa na kupe wa jamii ya Hyalomma. Binadamu huvipata kwa kung'atwa na kupe, kwa kumpasua kupe kwa vidole, kwa kugusa damu au nyama mbichi ya mnyama mwenye virusi, ambaye mwenyewe huonekana mzima kabisa, au kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa.

Vikishaingia mwilini, virusi huvamia seli za ulinzi, zikiwemo zile zilizotanda ndani ya mishipa midogo ya ini, ambazo kazi yake ni kuichuja damu inayopita. Kutoka hapo huingia katika seli za ini lenyewe na kuziua. Kipande cha ini kikitazamwa kwa hadubini huonyesha mabaka ya seli zilizokufa, ilhali chembe nyeupe za damu zilizokusanyika kupambana ni chache kuliko mtu angetarajia kwa uharibifu mkubwa kiasi hicho. Kwa sababu hiyo naona si sahihi kuuita uharibifu huu uvimbe wa ini wa kawaida, yaani ule unaoletwa na kinga ya mwili inapopambana: seli zinakufa kabla kinga ya mwili haijajipanga.

Seli ya ini inapopasuka, vimeng'enya vilivyokuwa ndani yake humwagika katika damu, na ndivyo maabara inavyopima kwa majina AST na ALT. Katika homa hii AST mara nyingi huzidi ALT, na ni vyema kukumbuka kwamba AST hutoka pia katika misuli. Mwaka 1989 watafiti wa Afrika Kusini wakiongozwa na Robert Swanepoel walionyesha kwamba AST ya uniti 200 au zaidi kwa lita, au ALT ya 150 au zaidi, katika siku tano za mwanzo za ugonjwa, ilikuwa ishara ya hatari kubwa ya kifo. Vipimo hivyo vilitokana na wagonjwa wa wakati ule, kwa hiyo daktari huvisoma kama onyo, wala havimtolei mgonjwa hukumu.

Jambo zito zaidi ni kuganda kwa damu. Ini ndilo linalotengeneza fibrinojeni, prothrombini na protini nyingine nyingi zinazoigandisha damu. Wakati uleule virusi vinapoharibu kuta za mishipa, damu huanza kuganda ovyo katika mishipa midogo na kuzimaliza protini hizo, pamoja na chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha. Protini zinatumika kwa kasi, na kiwanda cha kuzitengeneza, yaani ini, kimeungua. Matokeo yake huonekana kwa macho: tundu la sindano mkononi huendelea kuchuruzika baada ya pamba kubanwa kwa muda mrefu, ufizi hutoa damu, na chini ya ngozi hutokea mabaka meusi. Ini huweza kuvimba na kuuma chini ya mbavu za kulia, na baadhi ya wagonjwa macho huwa ya manjano.

Kwa hiyo aspirini na dawa za jamii yake huepukwa, kwa kuwa huzidisha kutokwa damu, na hata parasetamoli hutolewa kwa kipimo cha uangalifu, maana husafishwa na ini hilohilo lililojeruhiwa. Msingi wa matibabu ni kurudisha maji, damu, chembe sahani na protini za kugandisha, huku ini likipewa muda.

Na muda huo lina uwezo wa kuutumia. Seli za ini zilizosalia hugawanyika na kujaza nafasi za zilizokufa, AST na ALT hushuka taratibu, na kwa anayepona virusi havibaki ndani ya ini kwa miaka kama vile vya homa ya ini B.