Kwa nini chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa watoto wa miaka tisa?

Mzazi akiambiwa kwamba binti yake wa darasa la nne atachanjwa dhidi ya kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, hushtuka. Mtoto hata ungo hajavunja, haraka ya nini?

Jibu liko kwenye kirusi chenyewe. Kirusi hicho, kiitwacho HPV, huenea kwa wepesi mno, na wengi hukipata miaka ya mwanzo tu baada ya kuanza kujamiiana, bila dalili yoyote. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, hasa aina ya 16 na ya 18, huharibu chembe za mlango wa kizazi polepole, na saratani hujitokeza miaka 15 au 20 baadaye. Chanjo humzuia adui mlangoni, akishaingia, haimtoi. Tena mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hujenga kinga kali zaidi kuliko wa msichana mkubwa.

Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Kuanzia 2024 ni dozi moja, na wapo wanaodhani serikali inabana matumizi. Sivyo. Huko Mwanza, watafiti waliwagawa wasichana 930 katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu; hata waliochanjwa mara moja tu walijenga kinga iliyodumu. Nchini Kenya, kati ya vijana wa kike 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya HPV aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Nasema kwa fahari: mabinti zetu wamechangia kubadili utaratibu wa chanjo hii duniani.

Uvumi kwamba inaleta ugumba unaniuma. Chanjo haina kirusi hai, ina protini za ganda lake tu. Kinachowanyima wanawake uzazi ni saratani yenyewe, na mionzi wanayolazimika kupigwa wanapofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa. Wala tafiti hazijaona kuwa waliochanjwa huanza ngono mapema.

Kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za HPV, uchunguzi bado unahitajika ukubwani. Mama uliyetimiza miaka 30, ulizia kipimo hicho kwenye kituo chako cha afya. Wengi hupimwa kwa siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, na majibu hutoka papo hapo.