Mafia ilizaliwa kwenye mashamba ya malimau

Kwanza tuondoe utata: kisiwa chetu cha Mafia hakina undugu wowote na Mafia, chama cha siri cha wahalifu wa kisiwa cha Sicily, Italia. Majina yamegongana tu.

Wapo wanaosimulia kwamba chama hicho cha siri kilizaliwa mwaka 1282, watu wa Palermo, mji mkuu wa Sicily, walipowaasi watawala wao Wafaransa. Hadithi tamu, hasa kwa wahalifu wenyewe, maana inawavika joho la wakombozi. Nyaraka zinatupeleka kwingine kabisa: karne ya 19, kwenye mashamba ya malimau yanayouzunguka mji huo.

Mabaharia wa Uingereza walikuwa wakiteketea kwa kiseyeye. Mwaka 1795 jeshi lao la majini likaanza kuwagawia maji ya limau, na Sicily ikapata soko. Lakini mlimau una deko. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na kiangazi kizima unataka maji. Mtu mmoja mwenye panga, au anayejua kuziba mfereji usiku, anaweza kumfilisi tajiri. Ikabidi kila shamba liwe na mlinzi, na walinzi wakagundua kwamba wao ndio wa kuogopwa.

Serikali ingekuwa na nguvu wasingefika mbali. Ila ukabaila ulikuwa umefutwa mwaka 1812, ardhi ikaanza kuuzwa na kununuliwa, na walinzi wa mabwana wa zamani wakabaki na bunduki zao. Garibaldi, jemadari aliyepigania kuiunganisha Italia, alipotua Marsala, magharibi mwa Sicily, mwaka 1860 na kisiwa kikaunganishwa na Italia, watawala wapya walikuwa wageni wasioaminika.

Tazama yaliyompata daktari Gaspare Galati. Mwaka 1872 alikabidhiwa usimamizi wa Fondo Riella, shamba la familia la hekta nne hivi lenye pampu ya mvuke. Mlinzi, Benedetto Carollo, alikuwa akijimegea asilimia 20 hadi 25 ya mauzo; hata makaa ya pampu aliiba. Alitaka shamba lidorore alinunue kwa bei ya kutupa. Galati akamfukuza. Julai 1874 mlinzi mpya akapigwa risasi za mgongoni akipita kati ya mashamba ya malimau. Mwaka uliofuata daktari alikimbilia Naples na familia yake, akamwandikia waziri wa mambo ya ndani kwamba Uditore, kijiji jirani chenye watu 800 hivi, kilishuhudia mauaji yasiyopungua 23 mwaka 1874 pekee.

Jina lenyewe lilivuma kupitia tamthilia ya mwaka 1863 kuhusu wafungwa wa Palermo. Miaka miwili baadaye likaingia katika ripoti ya mkuu wa mkoa. Mwaka 1876 mchunguzi Leopoldo Franchetti alizunguka kisiwa na kuuita uhalifu huo biashara ya mabavu, yenye mtaji na wafanyakazi wake. Serikali ilikuwa na habari zote hizo mezani. Sheria iliyoufanya uanachama wa Mafia kuwa kosa kwa jina lake ilipitishwa mwaka 1982.