HAProxy mbele ya NFS: someni hapa kabla ya kunipigia

Juzi usiku kijana mmoja kanipigia. "Kaka, shikamoo. Faili zinapotea." Nikamuuliza swali moja tu: mbele ya hizo seva kuna nini? Akanyamaza kidogo. "HAProxy. Nyuma kuna seva mbili za NFS, zinafanyiana rsync kila dakika 5." Yaani mbele proksi inayogawa wateja, nyuma seva mbili zinazotoa faili mtandaoni kwa NFS, na rsync, programu ya kunakili faili, ikizifananisha. Nikamaliza kwanza chai yangu. Huyu ni wa nne mwaka huu, na wote wanne mchoro wao ni uleule, kana kwamba wanaazimana daftari.

Imani yenyewe ni hii: proksi ikishagawa kazi kwa seva mbili, basi umepata hifadhi ya pamoja isiyozimika. Imetoka kwenye tovuti, na huko ina ukweli wake. Ombi la HTTP linakuja, linajibiwa, linakwenda zake. Likijibiwa na seva A au seva B, msomaji hajui. NFS haiishi hivyo. Mteja wa NFSv4 anajitambulisha, anafunguliwa kikao, anafungua faili, anashika kufuli, na yote hayo yanakaa kichwani mwa seva moja. Ya pili haina habari naye.

Aliyewahi kufuatilia jalada lake kwenye ofisi yoyote yenye masjala atanielewa haraka. Karani hataki sura yako wala hadithi yako, anataka namba ya jalada. NFS ni vivyo hivyo. Ukishaipata faili, mteja hatumii tena njia ndefu ya /data/ripoti/juni.xlsx; anatumia kitambulisho alichopewa na seva, na kwenye seva ya Linux kwa kawaida ndani yake mna alama ya diski, namba ya inodi (kumbukumbu ya faili ndani ya diski) na namba ya kizazi cha inodi hiyo. Sasa rsync inanakili yaliyomo, jina, ruhusa na tarehe. Namba ya inodi hainakili, kwa sababu hiyo inatolewa na diski ya kule inakokwenda. Nilimwambia kijana aandike ls -i kwa faili ileile kwenye seva zote mbili. Akanitumia picha ya skrini: namba mbili zisizofanana hata kwa tarakimu ya kwanza. Akauliza, "Kaka, si faili moja hii?" Baiti kwa baiti ni moja. Ila peleka namba ya masjala A kwa karani wa masjala B uone: Stale file handle, yaani kitambulisho hakitambuliki tena.

Kinachoniudhi zaidi ni pale wanapojibu, "Lakini nilijaribu, ikafanya kazi." Najua ilifanya kazi! HAProxy kwenye mode tcp haigawi maombi, inagawa miunganisho. Haisomi NFS hata herufi, inapitisha baiti. Ukimaunti, yaani ukiunganisha folda ya seva kwenye mashine yako, unafunguliwa muunganisho mmoja wa TCP, unaangukia kwa A, na unabaki kwa A. Utanakili, utafuta, utaandika, kila kitu safi, utawaambia wakubwa kazi imekwisha.

Kisha watu wanakwenda kunywa chai. Mifano mingi ya usanidi inayonakiliwa huku na huku ina timeout client, muda wa kumvumilia mteja aliye kimya, ya sekunde 50. Seva ya Linux inampa mteja wa NFSv4 uhalali wa sekunde 90, na mteja wa Linux akiwa hana kazi huuhuisha ikifika theluthi mbili ya muda huo, yaani sekunde 60. Fanya hesabu. Sekunde 50 zikipita kimya, HAProxy inakata. Mteja anaunganisha upya bila kumwambia mtu, na kama umeandika balance roundrobin (gawa kwa zamu), safari hii anaweza kuangukia kwa B. Ndiyo maana malalamiko huja baada ya chai na si kabla. Na ndiyo maana kila nikiulizwa "mbona inavunjika bila sababu" napandwa na hasira. Sababu ipo, iko mstari wa tano wa faili lako la usanidi.

Kupotea kwa faili ni kitu kingine, cha aibu zaidi: rsync mbili zinazopishana zikiwa na --delete, inayofuta kule kisichopo huku. Faili imezaliwa B, A haijaiona, zamu ya A kusukuma ikafika, ikafuta. Hapo NFS haina kosa.

Basi ufanyeje? Kwa seva mbili, mara nyingi huhitaji proksi kabisa. Weka DRBD inakilishe diski bloku kwa bloku (hapo inodi na alama ya diski ni zilezile pande zote), seva moja ifanye kazi nyingine isubiri, keepalived ihamishe anwani ya IP, na folda ya /var/lib/nfs, seva inakoweka kumbukumbu za wateja, nayo ikae kwenye diski hiyohiyo. Seva ikianguka, mpya inaingia kwenye muda wa neema wa sekunde 90 hivi, wateja wadai kufuli zao. Kwa muda huo skrini zitaganda na simu zitalia. Usiguse kitu. Acha zilie.

Ukitaka proksi kwa lazima, nyuma yake pawe na hifadhi moja kweli. Ceph wenyewe, wenye mfumo wa hifadhi ya seva nyingi, kupitia chombo chao cephadm, wanaweka HAProxy na keepalived mbele ya NFS-Ganesha (seva ya NFS), lakini nyuma ya Ganesha kuna CephFS moja, hifadhi yao ya faili. Si rsync. Tumia vers=4.1 au 4.2, NFSv3 yenye poti 111, mountd na lockd kila moja mlango wake itakutesa bure. Acha roundrobin. Seva moja iwe kuu, nyingine iandikwe backup, na ile kuu iongezewe on-marked-up shutdown-backup-sessions, ili ikifufuka miunganisho ya akiba ikatwe. Usipoiweka hiyo, kuu ikifufuka wapya watakwenda kwake na wa zamani watabaki kwa akiba, na utakuwa na makarani wawili wenye mihuri. Timeout mimi huweka saa 1. Ukiniuliza kwa nini si 2, sina hesabu. Ni namba inayoniacha nilale.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulipita mbio. Ukimaunti kupitia proksi mara ya kwanza, utakataliwa. Utatafuta mtandaoni, utaambiwa uongeze insecure kwenye /etc/exports, faili la seva linaloandika nani anaruhusiwa, utaongeza, itakubali, utafurahi. Umefanya nini? Seva ya NFS kwa kawaida inataka ombi litoke kwenye poti iliyo chini ya 1024, na HAProxy hutokea poti za juu. Sawa, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba sasa seva inaona anwani moja tu, ya proksi. Ile orodha yako nzuri ya nani anaruhusiwa na nani anasoma tu imekufa yote. Kila anayefika kwenye proksi ni mwenyeji. Na kwa sec=sys, ulinzi wa kawaida wa NFS, seva inaamini UID (namba ya mtumiaji) anayoitaja mteja mwenyewe! Mlinzi wako sasa ni tcp-request connection reject ndani ya HAProxy, na ukimsahau huna mlinzi.

Kuhusu hard na soft, yaani seva ikinyamaza mteja asubiri bila kikomo au akate tamaa na kurudisha kosa, nimebadili msimamo mara mbili. Niliwahi kuweka soft kwa mteja mmoja ili programu zisigande, mtandao ukayumba usiku, nakala ya hifadhidata ikakatika katikati, na hati ya kunakili, niliyoiandika mwenyewe, ikasema imefanikiwa. Tuligundua siku tulipoihitaji. Tangu hapo natumia hard, na kila nikiona mchakato umekwama kwenye hali ya D, ukisubiri seva bila kuuawa, naitukana hard.

Na nyie wawili mlioniandikia kwamba mmeweka http_proxy, mpangilio wa proksi ya wavuti, kwenye /etc/environment lakini mount haipiti: anayemaunti ni kerneli, na kerneli haisomi hiyo. Hapana, Squid, proksi ya wavuti, nayo haitasaidia.