Estrojeni si kitu kimoja: kwa nini tembe za kupanga uzazi si tiba ya homoni kwa wanawake trans

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi sana, kwa wateja, kwa wenzangu wa famasia, hata kwa muuguzi mmoja ambaye kwa mambo mengine namheshimu sana: "si homoni za kike ni zile zile tu, anunue hizo za kupanga uzazi, ni rahisi." Jamani hapana. Sio zile zile. Na anayelipia hilo kosa sio anayelisema, ni dada fulani anayemeza tembe tatu kwa siku akidhani anajitunza.

Maana kwanza, nitaipita haraka. Tiba ya homoni kwa mwanamke trans, yaani mtu aliyezaliwa akaandikwa mvulana lakini anajijua na kuishi kama mwanamke, kwa kawaida ni vitu viwili: estrojeni ya kuingia mwilini, na dawa ya kuzuia testosteroni. Ngozi inalainika, mafuta ya mwili yanahamia nyonga na mapaja, matiti yanaanza kuota ndani ya miezi 3 hadi 6 na yanaendelea polepole mpaka miaka 2 au 3. Sauti haibadiliki, na ndevu zinapunguza kasi tu, haziishi. WHO kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ililitoa suala la kuwa trans kwenye magonjwa ya akili na kuliweka kwenye sura ya afya ya kijinsia, kwa hiyo ni matibabu kama matibabu mengine, yana dozi, yana vipimo, yana hatari zake zinazojulikana.

Sasa tuje kwenye hilo neno estrojeni. Ni jina la kundi. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia yote tunayaita mafuta lakini hakuna mama atakayekaangia watoto mandazi na mafuta ya taa ati kwa sababu jina ni moja. Ndani ya kundi la estrojeni kuna estradioli, ambayo ndiyo ovari za mwanamke zinatengeneza zenyewe, na ambayo wanawake trans wanatakiwa kupewa. Alafu kuna ethinili estradioli, ambayo haiko kwenye mwili wa binadamu yeyote, ilitengenezwa maabara Berlin mwaka 1938 na wanakemia wa kampuni ya Schering, Inhoffen na Hohlweg. Hao jamaa walikuwa na tatizo la kweli la kutatua: estradioli ukiimeza, ini linaivunja haraka sana, inabaki kidogo. Wakaongeza kipande kidogo kwenye ile molekuli, mahali pale pale ambapo ini huanzia kuivunja, ikawa ini haliwezi tena kuishughulikia kirahisi. Ikawa na nguvu mno, kiasi kwamba inapimwa kwa mikrogramu wakati estradioli inapimwa kwa miligramu, na kwa sababu hiyo ndiyo ikaja kuwa estrojeni ya tembe nyingi za kupanga uzazi duniani.

Hapo ndipo penye shida yote. Kitu ambacho ini haliwezi kukivunja kinapita kwenye ini, kinarudi, kinapita tena, na kila kikipita kinaliamsha ini litengeneze protini zaidi za kugandisha damu. Damu inakuwa rahisi kuganda ndani ya mishipa, hasa ya miguu, na bonge likikatika likaenda kwenye mapafu mtu anaweza kufa ghafla. Na usidhani ukiiweka chini ya ulimi au ukiipitisha njia nyingine utalikwepa ini, maana hata pete na vibandiko vya kupanga uzazi vyenye ethinili estradioli bado vinaongeza hatari ya damu kuganda. Estradioli ya kawaida ni tofauti, hiyo ukiipitisha kwenye ngozi inaliruka ini kweli, na utafiti wa Ufaransa kwa wanawake waliokoma hedhi, ule wa ESTHER, ulionyesha waliotumia kibandiko hawakuongezeka hatari ya mabonge kama waliomeza.

Haya mambo hayajagunduliwa jana. Kliniki ya Amsterdam, kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Vrije, ndiyo imehudumia wanawake trans wengi kwa muda mrefu kuliko karibu kliniki yoyote Ulaya, na zamani dozi yao ya kawaida ilikuwa mikrogramu 100 za ethinili estradioli kwa siku pamoja na miligramu 100 za saiproteroni, dawa ya kuzuia testosteroni. Mwaka 1997 wakachapisha matokeo ya wanawake trans 816, na tatizo kubwa lililojitokeza ni mabonge ya damu, kama mara 20 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umri huo. Waliovuka miaka 40 walipohamishiwa vibandiko vya estradioli, mabonge yakapungua. Mwaka 2003 wakaja na kipimo cha damu chenyewe wakilinganisha dawa kwa dawa, ethinili estradioli ikabadilisha mambo ya kuganda kwa damu vibaya sana na estradioli ikabadilisha kidogo tu. Miongozo ya Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, ya 2009 na ya 2017, na ule wa 2022 wa WPATH, shirika la kimataifa la wataalamu wa afya ya watu trans, yote inasema msitumie ethinili estradioli kwa tiba hii.

Sasa chukua pakiti ya kawaida ya tembe, mfano Microgynon, tuiangalie pamoja. Ndani kuna vidonge 28. 21 vina dawa, kila kimoja mikrogramu 30 za ethinili estradioli na mikrogramu 150 za levonorgestreli, homoni nyingine ya kuzuia mimba ambayo si estrojeni, na vile 7 vya kahawia vya mwisho ni madini ya chuma tu, havina homoni yoyote. Mwanamke anayepanga uzazi anameza kimoja kwa siku na inamtosha, na mimi sitaki mtu yeyote asome hapa akaacha tembe zake kwa woga. Hatari kwake ipo lakini ni ndogo: shirika la dawa la Ulaya linakadiria wanawake 2 kati ya 10,000 wasiotumia tembe hupata bonge la damu kwa mwaka, na kwa wanaotumia tembe za aina hii ni 5 hadi 7. Ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko hiyo. Lakini mwanamke trans anayetaka tembe hizo ziushushe mwili wake testosteroni hamezi moja. Kimoja hakimpi anachotafuta, anaenda viwili, vitatu, vinne, na akifika vitatu anakaribia kabisa ile dozi ya Amsterdam ya zamani, ile ile iliyoachwa kwa sababu ya mabonge ya damu. Na juu yake anakunywa levonorgestreli mara tatu, ambayo kwa asili yake ina tabia kidogo za homoni ya kiume. Akiwa anavuta sigara, au ana presha, au amepita miaka 35, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Alafu kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawaujui na unaniuma kuliko yote. Huyo dada akijikakamua akalipa akapimwa estradioli maabara, matokeo yatatoka chini. Manake kile kipimo kinatafuta estradioli, hakioni ethinili estradioli, hata kama imejaa kwenye damu yake. Anaangalia karatasi, anaona namba ndogo, anasema kumbe hazifanyi kazi, anaongeza tembe. Na mtu wa maabara hakukosea chochote, amepima alichoambiwa apime.

Na wakati tuko kwenye kuchanganya, P2, ile tembe ya dharura, haina estrojeni hata chembe, ni levonorgestreli peke yake. Sindano ya Depo, ile ya miezi mitatu, haina estrojeni, ni medroksiprojesteroni. Vijiti vya mkononi, hivyo hivyo. Nimeshaulizwa kama mtu akidunga Depo ataota matiti, na najua swali linatoka wapi, ni vitu vya wanawake, viko kwenye shelfu moja, vinaitwa homoni. Lakini swali la kuuliza ni kuna nini ndani, sio kinatumiwa na nani. Zile tembe za chunusi za aina ya Diane pia zinapendwa, kwa sababu zina saiproteroni, na ni kweli zinayo, miligramu 2, ila estrojeni iliyomo ni mikrogramu 35 za ile ile ethinili estradioli. Bangkok wanawake trans wengi wamepitia njia hiyo miaka mingi, kununua famasia bila daktari na kumeza kwa ushauri wa rafiki, na moja ya sababu za Msalaba Mwekundu wa Thailand kufungua kliniki ya Tangerine mwaka 2015 ilikuwa hiyo, kuwapa homoni sahihi na vipimo pamoja na huduma za HIV sehemu moja.

Kwa nini watu wanaangukia tembe za kupanga uzazi? Sio ujinga, tuwe wakweli. Mchanganyiko wa ethinili estradioli na levonorgestreli uko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, serikali zinaununua kwa wingi, hospitali za umma Kenya wanagawa bure, na kemisti yoyote ya mtaani anayo. Estradioli ya kumeza, mfano Progynova ya miligramu 2, imetengenezwa kwa ajili ya waliokoma hedhi na inatumika pia kwa wanaopandikizwa mimba, kwa hiyo utaikuta famasia kubwa za mjini karibu na madaktari wa wanawake, sio kila kona. Halafu piga hesabu: miongozo inasema miligramu 2 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo boksi la vidonge 28 vya miligramu 2 kwa mtu wa dozi ndogo linamaliza wiki nne, kwa mtu wa dozi kubwa linaisha siku ya tisa au ya kumi. Ongeza dawa ya kuzuia testosteroni, ongeza vipimo vya damu kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, ongeza daktari ambaye kwanza umtafute asiyekufukuza wala kukuhubiria. Yote yanatoka mfukoni kwa mtu ambaye pengine alikosa kazi kwa sababu jina la kitambulisho halifanani na uso wake. Na vituo vya jamii vilivyokuwa vinapima watu damu bila maswali, vingi viliishiwa pesa baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari 2025.

Lakini kwenye upande wa kuzuia testosteroni kuna nafuu ambayo watu hawaiangalii. Spironolaktoni iko karibu kila mahali, ni dawa ya wagonjwa wa moyo na wa ini, haina bei kali. Inataka figo nzuri na kupimwa potasiamu, inashusha presha, utaenda chooni sana, ila inajulikana vizuri. Saiproteroni ina nguvu zaidi lakini Ulaya waliiwekea masharti mwaka 2020 kwa sababu ya uvimbe kwenye utando wa ubongo unaoongezeka kwa dozi kubwa za muda mrefu, na siku hizi miligramu 10 zinatosha kwa wengi, hakuna haja ya zile 50 au 100 za zamani. Kwa hiyo mtu mwenye pesa kidogo ni heri estradioli kidogo ya kweli pamoja na spironolaktoni kuliko rundo la tembe za bure. Kuongeza dozi hakuharakishi matiti hata siku moja, yale miaka 2 au 3 ni miaka 2 au 3.

Kitu kingine ambacho huku kwetu hakiwezi kuachwa: ukianza dawa za TB, rifampisini inalifanya ini livunje estrojeni haraka sana, za kupanga uzazi na estradioli zote, hususan ya kumeza. Usiongeze kimya kimya, mwambie anayekutibu TB unameza nini. Najua kusema hivyo ni rahisi kuliko kufanya, lakini anahitaji kujua jina la dawa tu, sio historia ya maisha yako.

Basi ndugu zangu, na hasa wenzangu mnaosimama nyuma ya kaunta, mtu akija akiuliza homoni za kike, msimpe pakiti iliyo karibu na mkono. Geuza boksi. Ikiandikwa "estradiol" au "estradiol valerate" ni moja, ikiandikwa "ethinylestradiol" ni nyingine, kile kipande cha mbele ndicho tofauti yenyewe. Na wewe dada ambaye tayari unameza zile tatu kwa siku, usiogope na usijione mjinga, ulichukua kilichokuwepo. Usiendelee kuongeza, tafuta wa kukuhamishia kwenye estradioli. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu kwa nyuma, au pumzi ikikubana ghafla au kifua kikauma ukivuta hewa, usisubiri kesho, nenda casualty usiku huo huo, na ukifika waambie jina la hizo tembe na unameza ngapi.