Kinyume cha katiba: haki imevunjwa, au mamlaka yamepitilizwa?

Mjadala wa bunduki na shule za Marekani hauishi bila sentensi hii: "Mwaka 1995 Mahakama ya Juu yao ilisema kuzuia bunduki karibu na shule ni kinyume cha katiba, maana katiba inampa kila mtu haki ya silaha." Sheria ilibatilishwa kweli. Sababu inayotajwa siyo.

Sheria hugongana na katiba kwa njia mbili. Ama inagusa haki ambayo katiba imemlinda nayo mtu, ama aliyeitunga hakupewa mamlaka juu ya jambo hilo, hata likiwa jambo jema na hakuna haki ya mtu iliyoguswa. Kesi ya 1995, Marekani dhidi ya Lopez, ni ya njia ya pili.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni kuandika "serikali kuu" pale panapotakiwa "serikali ya shirikisho". Ukisema serikali kuu, msomaji wa Tanzania Bara anaona ile iliyo juu ya halmashauri, ambayo Bunge lake linaweza kutunga sheria karibu juu ya kila kitu. Shirikisho ni neno jingine kabisa. Linatoka kwenye shiriki, likapita shirikisha, na ndugu zake wa Kiarabu tunao nyumbani: shirika, mshirika, ushirika, hata ushirikina, ambao kwa asili ni kumpa Mungu mshirika. Yote yanadai wawe zaidi ya mmoja, kila mmoja na fungu lake. Ndivyo ilivyo Marekani: majimbo yalikuwepo kwanza, yakakabidhi mamlaka fulani yaliyoorodheshwa, na Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya mwaka 1791, yakaweka wazi kwamba yasiyokabidhiwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mzanzibari hahitaji maelezo marefu hapa. Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, na lisilo kwenye orodha si la Muungano.

Katika orodha ya Marekani hakuna mamlaka ya jumla juu ya jinai wala juu ya shule. Yapo mamlaka ya kusimamia biashara kati ya majimbo, na hayo Bunge la shirikisho liliyatanua sana. Mwaka 1942 Mahakama ilikubali kwamba hata ngano ambayo mkulima Filburn wa Ohio alilima kwa matumizi ya shambani kwake inaweza kuwekewa kiwango, kwa kuwa wakulima wengi wakifanya hivyo soko la nchi nzima linaguswa. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna sheria iliyoanguka kwa kukosa mamlaka hayo. Ndiyo maana sheria ya 1990 ya maeneo ya shule yasiyo na bunduki ilitungwa bila neno lolote la kuifungamanisha na biashara.

Machi 1992, Lopez, mwanafunzi wa darasa la 12 mjini San Antonio, Texas, alikutwa shuleni na bastola ya kipimo cha .38 na risasi tano. Alishtakiwa kwanza kwa sheria ya Texas, maana Texas nayo ilikataza. Siku iliyofuata shtaka la jimbo lilifutwa, likaja la shirikisho. Mbele ya Mahakama ya Juu, mawakili wa serikali walijenga mnyororo wa kuiunganisha bunduki ya shuleni na biashara kati ya majimbo: bunduki huleta uhalifu, uhalifu hupandisha gharama za bima, watu huogopa kusafiri, watoto hawasomi vizuri, na taifa lenye elimu duni huzalisha kidogo. Majaji watano dhidi ya wanne waliukataa, Jaji Mkuu Rehnquist akiandika hukumu. Kwa mnyororo huo, walisema, hakuna kitu ambacho Bunge lingeshindwa kukigusa, hata ndoa na talaka.

Hukumu hiyo haikuruhusu bunduki shuleni. Majimbo zaidi ya 40 yalikuwa na makatazo yake, na hayakuguswa.

Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1996 kwa kuongeza sharti dogo: silaha iwe imewahi kupita katika biashara kati ya majimbo, au iiguse kwa namna nyingine. Mwendesha mashtaka sasa huleta mtaalamu athibitishe kwamba bastola iliyokamatwa Texas iliundwa jimbo jingine. Mahakama za rufaa zimeikubali sheria hiyo, na inatumika hadi leo. Eneo ni futi 1,000, yaani kama mita 305, kutoka mpaka wa kiwanja cha shule, siyo kutoka getini wala mlango wa darasa. Adhabu hufika miaka mitano jela. Nyumba binafsi iliyo ndani ya eneo haiguswi, wala bunduki isiyo na risasi iliyofungiwa ndani ya sanduku. Wengi hunaswa kwenye kibali cha kubeba silaha: kinachosamehe ni kile kilichotolewa na jimbo ambamo shule ipo. Cha jimbo jirani hakitoshi, na katika majimbo yanayoruhusu kubeba bila kibali, asiye nacho kwa kawaida hana msamaha huo.

Na ile haki ya silaha? Mahakama ya Juu ilitamka kwa mara ya kwanza kuwa ni haki ya mtu binafsi mwaka 2008, katika kesi ya Heller, miaka 13 baada ya Lopez, na hukumu hiyohiyo ikasema haitilii shaka makatazo ya kubeba silaha mahali kama shuleni. Siku hizi wapo washtakiwa wanaoipinga sheria kwa hoja ya haki, lakini hizo ni kesi nyingine.

Kwa hiyo anayetafsiri habari hizi, badala ya "Mahakama ilisema zuio linavunja haki ya silaha", aandike: "Mahakama ilisema Bunge la shirikisho halikuwa na mamlaka ya kuweka zuio hilo." Maneno yanaongezeka kidogo, na msomaji anabaki akijua kwamba jimbo bado lingeweza kuliweka.