Polisi jamii haitembei na rungu

Juzi usiku kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu liliingia tangazo: "Ndugu wakazi, kesho polisi jamii watapita nyumba kwa nyumba kuchukua mchango wa ulinzi, elfu mbili tu. Asiyekuwepo aache kwa jirani." Watu wakajibu "sawa mwenyekiti", mmoja akatuma dole gumba, mama mmoja akauliza kama wapangaji nao wanahesabiwa. Mimi nikabaki nimeikodolea macho ile wa- ya "watapita", inayoifanya polisi jamii kuwa watu. Ni mara ya ngapi sasa? Redioni wiki iliyopita nilisikia kwamba "polisi jamii wamemkamata kibaka", na kwenye kijiwe cha kahawa kuna mzee anayeapa kwamba mwanawe "ni polisi jamii" kwa sababu amepewa filimbi na tochi.

Maana yenyewe ni fupi. Polisi jamii ni namna ya kufanya kazi ya polisi: askari na wakazi wa eneo wanakaa pamoja, wanataja kinachowasumbua (wezi wa betri za bajaji, kona ya giza wanapokabwa wanaotoka zamu ya usiku, ngoma ya kigodoro inayokesha hadi adhana ya alfajiri), wanatafuta chanzo chake, kisha wanagawana kazi ya kukiondoa kabla hakijazaa kesi. Pengine dawa ni taa tatu na kufyeka kichaka, wala hakamatwi mtu. Tanzania jina hili lilishika kuanzia 2006, Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema alipokuja na maboresho ya Jeshi la Polisi yenye nguzo tatu: weledi, usasa na polisi jamii. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba weledi si mtu na usasa si mtu. Ya tatu tu ndiyo tuliyoivalisha makoti.

Kosa hili tumelirithi kwenye jina lenyewe. Kiingereza, tulikoitoa dhana, kinasema "community policing", neno la kitendo, la kule kulinda na kusimamia usalama. Kiswahili kina njia yake ya kutengeneza majina ya namna hiyo, nayo ni u-: mlinzi akilinda ni ulinzi, mwandishi akiandika ni uandishi. Kwa hiyo tungesema "upolisi jamii" na kelele zote hizi zisingekuwepo. Lakini aliyetafsiri aliiacha ile u- mezani, tukabaki na jina la mtu likibeba maana ya kazi. Na Kiswahili kikiona majina mawili yameunganishwa hivyo kina mazoea yake. Askari kanzu ni askari asiyevaa sare. Polisi kata ni polisi aliyepangiwa kata. Sasa mtu wa kawaida akikutana na "polisi jamii", atafikiria nini kama si polisi aliyetoka kwenye jamii, yaani kijana wa mtaani aliyepewa upolisi? Simlaumu. Sarufi imemwelekeza huko.

Kipimo lakini kipo, tena kiko mdomoni mwako. Sema "polisi jamii imefika kata yetu", sentensi inasimama. Sema "polisi jamii amefika", hapo umeshazungumzia mtu, na mtu huyo hayupo. Kinachofika kwa a- ni polisi kata, ambaye ni askari kamili, ana sare, ana cheo, ana mshahara, na ukigombana naye unajua pa kumshtaki.

Neno "polisi" nalo lina safari ndefu. Mzizi wake ni Kigiriki, polis, mji; kwa asili lilihusu uendeshaji mzuri wa mji kuliko virungu. Sisi tulikuwa na "askari", neno la Kiarabu lililomaanisha jeshi, ndiyo maana hadi leo mwanajeshi, polisi na mlinzi wa geti wote ni askari. "Jamii" nayo ni Kiarabu, ya ukoo mmoja na jamaa, jumuiya na Ijumaa, maneno yote ya kukusanyika. Weka hayo pamoja kisha kumbuka kwamba polisi ya Tanganyika iliundwa 1919 na Waingereza, kwa ajili ya kulinda serikali ya mkoloni, sio kukaa kwenye mkutano wa mtaa kusikiliza habari za vichaka. Chombo hicho hadi leo kinaitwa Jeshi. Kukiambia kikusanyike na watu ni kukigeuza koti lililoshonwa ndani nje, na kazi hiyo ingekuwa ngumu hata kama jina lingekuwa zuri.

Sasa wale vijana wa tochi ni nani? Hao ni ulinzi shirikishi, au tuseme ni walinzi wa ulinzi shirikishi, maana hata hapo u- inatukumbusha kwamba ni kazi. Wakazi wanajipanga, serikali ya mtaa inajua majina yao, kituo cha polisi kinajulishwa, na mchango unakusanywa kwa stakabadhi (inasemekana). Ulinzi shirikishi ni tawi moja la polisi jamii. Aliyelishika tawi asiseme ameshika mti.

Halafu kuna sungusungu, jina ambalo wazee wetu hapa Dar wanalitupia kila anayetembea usiku na fimbo. Sungusungu ni chungu weusi wanaotembea kwa safu na wakikuuma hutasahau. Kundi lenye jina hilo lilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, upande wa Kahama, baada ya vita vya Kagera, silaha zilipozagaa na wizi wa ng'ombe kuwa mkubwa kuliko uwezo wa vituo vya polisi. Walikuwa na upinde na mishale, viongozi wao wenyewe na mabaraza yao wenyewe. Aliyeonekana na hatia aliweza kutengwa, hapewi moto wala salamu. Serikali ilikuja nyuma yao, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili watambulike. Kwa hiyo mwelekeo ni kinyume kabisa: sungusungu ilitoka kwa watu ikaenda kwa serikali, polisi jamii ilitoka serikalini ikaja kwa watu. Majirani zetu Wakenya wana fundo lao. Baada ya shambulio la Westgate la 2013 serikali yao ilihimiza "Nyumba Kumi", jina walilolichukua kwetu, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama tawala, tangu enzi za TANU hadi CCM. Wao wamelifanya jambo la usalama, kwetu bado ni la chama, na mtu akihama kutoka Moshi kwenda Nairobi inabidi aelezwe upya.

Najua kuna atakayesema hii ni ukorofi wa mwalimu wa lugha, tochi ni tochi. Lakini kijana aliyeambiwa kwamba yeye "ni polisi jamii" anasikia lile neno la kwanza tu. Nimewahi kumwona mmoja akidai kupekua begi la mpangaji saa nne usiku, na mpangaji akafungua zipu, kwa sababu naye alisikia "polisi". Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia yeyote kumkamata anayetenda kosa fulani mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mlinzi wa mtaa ana hicho hicho ulicho nacho wewe. Filimbi haimwongezei kitu, na kipigo hakimo hata kidogo, ingawa magazeti yamekwisha kizoea na kukipa jina la "wananchi wenye hasira kali".

Mwenyekiti, kwa heshima zote, naomba tangazo lisomeke hivi: "Ndugu wakazi, kesho vijana wa ulinzi shirikishi watapita kuchukua mchango, elfu mbili, stakabadhi itatolewa. Jumapili kutakuwa na kikao cha polisi jamii, polisi kata atakuwepo, tuje na hoja ya taa za kule bondeni." Yangu nimeiacha kwa jirani.