Nimepata nafuu, sasa mimi na mshauri tushughulikie nini?

Maswali haya huulizwa na watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ninaowapa ushauri nasaha kwa Kiswahili hapa Uganda, wengi wao Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na wafanyabiashara wa Kampala. Nayajibu vilevile ninavyoyajibu tukiwa tumekaa ana kwa ana.

Usingizi umerudi, chakula kinapita, silii tena ovyo. Nauli ya kuja huku niendelee kuitoa kwa nini?

Kwanza hongera, umetoka mbali. Na suala la nauli ni la haki kabisa, usione haya kumwambia mshauri wako.

Ila kupata nafuu na kupona ni vitu viwili. Vituo vingi hupima sonona kwa dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na mtu huhesabiwa ametulia akishuka chini ya 5. Aliyeanza na 19 akafika 8 amepiga hatua kubwa, lakini ile 8 imebaki wapi? Mara nyingi ni usingizi wa mang'amung'amu, uchovu, au kujiona hufai. Mabaki hayo ndiyo hufungulia ugonjwa mlango wa kurudi, na takriban nusu ya watu waliougua sonona mara moja huugua tena. Mwombe mshauri mlitazame dodoso swali kwa swali, sio jumla peke yake.

Akiniuliza "leo tuzungumze nini?" nabaki kimya. Sina la kusema.

Mama mmoja muuza maharage (mambo yake nimeyageuza ili asitambulike) alikuja kikao cha saba akiwa amesuka nywele vizuri. Akakaa, akasema, "Mwalimu, nalala, nakula, sasa sijui nikwambie nini." Tukaongea bei ya maharage, mvua, ada ya shule. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi mapajani. Ikaita tena. Mara ya tatu akaifunika na kitenge.

Nikamuuliza, "Nani huyo, mama?"

"Wifi yangu."

Tangu matanga ya mumewe, mwaka na nusu uliopita, hakuwahi kupokea simu ya wifi huyo kwa sababu ya maneno yaliyosemwa siku ile mbele ya watu. Kwa ajili hiyo aliacha kusali kanisa lile, watoto hawakumwona shangazi yao, na siku simu ikiita alifunga meza yake sokoni mapema. Haya yote hayakuwa kwenye dodoso. Alama zake zilikuwa nzuri.

Vikao vinne vilivyofuata vilikuwa vya wifi tu. Aliandika anachotaka kusema, tukakifupisha. Mimi nikajifanya wifi, tena wifi mkali, naye akajibu hadi sauti ikaacha kutetemeka. Kisha akapiga simu mwenyewe. Wifi hakuomba radhi, lakini watoto sasa huenda kwa shangazi Jumamosi.

Kwa hiyo ukikosa la kusema, tazama unachokwepa. Chukua daftari, kila jioni andika: leo nimemkwepa nani, nimeikwepa njia gani, kazi gani nimeiahirisha? Baada ya wiki moja utakuwa na la kumwambia mshauri.

Mambo yangu ni mengi: deni, ndoa, kazi, mtoto. Nianze na lipi?

Ipo tiba ya mazungumzo ambayo Uganda inaijua vizuri. Ilifanyiwa utafiti kwa vikundi vijijini Rakai na Masaka, wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji visivyokuwa na vikundi. Wenyeji wa huko walikuwa na neno lao kwa sehemu ya maradhi haya, *okwekyawa*, kujichukia. Tiba hiyo huuliza mambo manne: kuna msiba? Kuna ugomvi? Maisha yamegeuka, kama kuhama, kuachika au kufukuzwa kazi? Au ni upweke?

Sasa kumbuka miezi ile kabla hujaugua. Kati ya hayo manne, lipi lilikuwa limesimama mlangoni? Anza na hilo, hata kama lingine linaonekana kubwa zaidi leo. Deni mshauri hawezi kukulipia. Lakini aibu inayokufanya uzunguke mtaa mzima usionane na anayekudai, hiyo mnaweza kuishughulikia.

Lazima nisimulie niliyoyaona vitani?

Hapana. Kama ndoto mbaya zinakurudia, unashtuka kwa kila kishindo, au kuna njia huwezi kupita, mwambie mshauri, kwa kuwa hilo lina tiba yake maalumu. Kama hayakusumbui, hakuna anayekudai simulizi.

Mshauri ana jambo lake, mimi nina langu.

Sisi tumelelewa kumwitikia daktari "ndiyo" hata roho ikikataa, halafu kikao kijacho hatuji. Nimepoteza watu hivyo, na inaniuma, maana neno moja lingetosha. Sema, "Daktari, naona hilo lisubiri, naomba tuanze na hili." Mshauri mzuri atakuuliza sababu, wala hatakasirika.

Na dawa, niache?

Usiache mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea na dawa za sonona kwa miezi kadhaa hata baada ya dalili kuisha, kisha zipunguzwe taratibu na aliyekuandikia.

Nitajuaje tumemaliza?

Lile mlilochagua likiwa haliendeshi tena siku yako. Msikate ghafla: kama mlikutana kila wiki, iwe kila wiki mbili, kisha mwezi. Kabla ya kuagana andikeni dalili zako za mwanzo, zako wewe, kwa maneno ya nyumbani. Yule mama aliandika: "Nikianza kufunga meza mapema." Nakala ya karatasi ile anayo binti yake mkubwa, na ameruhusiwa kumwambia mama yake bila kuonekana hana adabu.

Mawazo ya kutaka kufa yakirudi, usingoje tarehe ya kikao. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza, kituo cha afya kilicho karibu, kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa kama Mbarara, Gulu au Arua, au hospitali ya Butabika ukiwa Kampala.